Shajara ya mradi: mkaa, maji na maganda ya nyumba moja ya Kimara

11 Januari 2025: Kinachopimwa na namna ya kukipima

Shajara hii inafuata nyumba moja ya watu sita iliyoko Kimara, Dar es Salaam: mimi na mume wangu, watoto wawili wanaosoma, mama mkwe, na dada anayetusaidia kazi. Lengo ni kujua kazi zetu za kila siku zinakula kiasi gani cha miti, maji na umeme na zinaacha taka kiasi gani, kisha kupunguza kinachoweza kupunguzwa bila kuifanya nyumba ishindwe kuendeshwa. Mazungumzo ya mazingira mjini hapa huishia kwenye vitu vinavyoonekana, kama mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, chupa zilizoziba mitaro, au taa iliyosahauliwa ikiwaka mchana. Kupika, kufua, kuosha vyombo na kupiga pasi hazitajwi sana, pengine kwa kuwa hufanyika uani na hufanywa na watu ambao hawaulizwi maoni.

Vifaa ni vichache. Nimenunua mizani ya kuning'iniza ya kilo 25, kama ile ya wauza samaki, kwa shilingi 18,000. Maji yanapimwa kwa ndoo za lita 20 zilizokuwepo. Umeme unapimwa kwa kusoma mita ya Luku kabla na baada ya kazi, kila kifaa kingine kikiwa kimezimwa, friji ikiwemo. Anayetaka kufuata njia hii azingatie jambo moja: mkaa upimwe kwa kila kazi, usipimwe kwa siku nzima, kwa maana jumla ya siku haikuambii ni sufuria gani iliyoula. Tunapima ndoo ya mkaa kabla ya kuwasha, na tunapima tena makaa yaliyobaki baada ya kuzimwa na kupoa.

8 Februari 2025: Moto unapokwenda

Gunia la rumbesa lililonunuliwa mwezi uliopita kwa shilingi 85,000 lilikuwa na mkaa wa kilo 62, na limetufikisha mwisho wa mwezi kwa shida. Matumizi yetu ni kilo mbili na kidogo kwa siku.

Uzito huo ni ncha tu ya mzigo. Tanuri la udongo la mchoma mkaa wa kawaida hutoa kilo moja ya mkaa kwa kila kilo 6 hadi 10 za kuni, kutegemea ukavu wa magogo na ustadi wa anayelisimamia, hivyo gunia letu lilianza safari likiwa kilo 370 mpaka 620 za mti. Tanuri lenyewe, kwa kuwa huunguza kuni kwa hewa kidogo, hutoa pia methani na hewa nyingine chafu kabla hata mkaa haujapakiwa. Lakini si kila gunia lina uharibifu sawa. Miti mingi ya miombo huchipua tena kutoka kwenye visiki, na huko Kilosa upo mpango ambao vijiji viligawa misitu yao katika vipande vya mita 50 kwa 50, vikikatwa kwa kupishana na kuachwa virudi kwa mzunguko wa miaka 24. Msitu unaopotea hasa ni ule ambao baada ya kukatwa hulimwa au kuchomwa moto mwaka baada ya mwaka, visiki visipate nafasi. Tatizo la mnunuzi wa Kimara ni kwamba gunia halina cheti. Muuzaji wetu husema mkaa wake ni wa Kilosa, na kesho husema ni wa Handeni, kutegemea kile anachodhani mteja anataka kusikia.

Mgawanyo kwa kazi ndio uliotushangaza. Robo ya mkaa, karibu nusu kilo kwa siku, ilikuwa inachemsha maji ya kunywa. Robo nyingine, tukigawanya wastani wa wiki, ilikuwa inapika maharage, ambayo hupikwa mara tatu kwa wiki na kula kilo 1.2 kila mara. Wali, ugali, mboga na samaki kwa pamoja vilichukua nusu iliyobaki. Kwa maneno mengine, nusu ya mkaa ilikwenda kwenye kazi mbili ambazo hazipati chochote kutoka kwa mkaa, si ladha wala harufu, isipokuwa joto.

Pasi, ambayo kila mtu nyumbani aliishuku kwanza, haikufika popote. Ni ya wati 1,200, lakini kidhibiti joto huizima na kuiwasha muda wote, hivyo sare za shule na mashati ya wiki nzima havifiki uniti moja. Taa ni kidogo zaidi. Mradi huu kwa hiyo utaanza na maji ya kunywa.

1 Machi 2025: Maji ya kunywa

Tunakunywa kama lita 10 kwa siku. Hesabu ya moto ni rahisi: kupandisha lita moja ya maji kutoka nyuzi 27 hadi 100 kunahitaji kilojuli 306, sawa na uniti 0.085 za umeme, na hakuna jiko linaloweza kushuka chini ya hapo. Jiko letu la bati, linalopoteza sehemu kubwa ya joto pembeni na chini, lilikuwa linakula mara tano ya kiasi hicho. Aidha, maji yetu yalikuwa yakiachwa yatokote dakika kumi hadi ishirini, jambo ambalo halina faida: Shirika la Afya Duniani linashauri maji yafikishwe kwenye mchemko kamili kisha yaepuliwe na yapoe yenyewe. Kufunika sufuria na kuepua mara yanapochemka kulipunguza mkaa wa maji kwa karibu theluthi moja, bila kununua chochote.

Njia ya kwanza ya kuachana kabisa na moto ilikuwa jua. Maji hutiwa kwenye chupa angavu za plastiki zisizozidi lita mbili, zinalazwa juu ya bati kwenye jua kali kwa saa sita, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu, na miale ya jua huua vijidudu. Kwa jua la Februari njia hii haina gharama, na chupa ziliokotwa bure. Ilishindwa kwa sababu mbili. Maji ya bomba hutoka na tope mvua zinapoanza kule Ruvu, na maji yenye tope huzuia miale, kwa hiyo lazima yachujwe kwanza. Sababu ya pili ni kwamba chupa za kutosha watu sita zinahitaji mtu wa kupanda juu ya banda asubuhi na kushuka nazo jioni. Dada alifanya hivyo kwa uvumilivu, kisha akasema: "Mama, moto umepungua lakini kazi imeongezeka." Alisema kweli, na kuanzia hapo nimeongeza safu kwenye daftari inayoandika nani ameongezewa kazi.

Dawa ya klorini ilifuata. Ni nafuu na ni salama ikipimwa kama maelekezo yanavyosema, lakini mama mkwe alisema chai imekuwa na harufu ya hospitali na watoto wakaanza kununua maji ya chupa dukani, ambayo ni taka nyingine. Tumeiweka kabatini kwa ajili ya siku za dharura.

Kilichobaki ni birika la umeme la lita 1.7, shilingi 35,000. Lita 10 zinatumia uniti moja kamili, ambayo kwa bei yetu ni zaidi kidogo ya shilingi 350, wakati nusu kilo ya mkaa ni karibu shilingi 700. Ugumu wake ni kwamba birika dogo lazima lijazwe mara sita. Kwa kuwa hujizima lenyewe, kazi hii imehamishiwa kwa mume wangu, anayeifanya usiku wakati wa taarifa ya habari, na asubuhi maji yamekwishapoa.

5 Aprili 2025: Maharage

Hatua hii ndiyo iliyokuwa na mafanikio makubwa kuliko zote, na ndiyo iliyokuwa na vikwazo vingi zaidi, kwa hiyo naieleza kwa kirefu.

Tulianza na mambo yasiyo na gharama. Kuloweka maharage usiku kucha, na kumwaga maji hayo kwenye migomba, kulishusha mkaa kutoka kilo 1.2 hadi 0.8 kwa kilo moja ya maharage. Magadi hupunguza muda zaidi, lakini huharibu vitamini B1 na huyapa maharage utelezi ambao nyumba hii haiupendi. Jambo ambalo halikuwa kwenye mpango ni umri wa maharage. Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye ghala lenye joto na unyevu, na Dar es Salaam ina vyote viwili, hugeuka magumu ndani na hayaivi hata yakipikwa mchana kutwa. Mfuko mmoja wa bei nafuu kutoka sokoni ulikula mkaa kuliko akiba yote ya wiki hiyo. Sasa tunamuuliza muuzaji kama ni ya msimu huu, tunanunua kidogo kwanza na kujaribu kabla ya kuchukua debe.

Kisha tukanunua jiko la umeme la presha la lita 6, wati 1,000, kwa shilingi 165,000. Kilo moja ya maharage yaliyolowekwa ilitumia uniti 0.4, ambazo ni kama shilingi 140, badala ya mkaa wa zaidi ya shilingi 1,000. Kwa upande wa hewa ya ukaa, kilo 0.8 ya mkaa ikiungua hutoa zaidi ya kilo mbili bila kuhesabu tanuri. Uniti 0.4, hata kama zote zingetoka kwenye mitambo ya gesi ya Songo Songo na si kwenye maji, ni kama kilo 0.2. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuwashwa mwaka 2024 sehemu ya maji katika gridi imeongezeka, hivyo pengo hilo ni kubwa zaidi.

Vikwazo vilianza papo hapo. Jiko lilichomekwa kwenye ekstensheni moja na friji, na siku ya pili plastiki ya ekstensheni ilianza kunuka na kulainika. Fundi umeme aliweka soketi ya peke yake yenye waya wa milimita za mraba 2.5 moja kwa moja kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi, shilingi 40,000 pamoja na vifaa. Gharama hii haitajwi na wauzaji wa majiko, lakini kwa nyumba nyingi za mjini zenye nyaya za zamani ni lazima ihesabiwe tangu mwanzo.

Pili, povu la maharage liliziba vali ya mvuke. Kwa vyakula vinavyotoa povu na kuvimba sufuria isijazwe kupita nusu, na kijiko kimoja cha mafuta husaidia. Tatu, maharage yaliyotiwa vitunguu na nyanya tangu mwanzo yalishika chini, na jiko likajizima kwa tahadhari ya kuungua. Dawa yake iko ndani ya upishi wetu wenyewe: maharage yanachemshwa kwa maji na chumvi peke yake, kisha yanaungwa kwenye sufuria nyingine juu ya gesi, jambo la dakika chache. Nne ni kukatika kwa umeme. Ukikatika baada ya presha kupanda, jiko liachwe limefungwa, kwa maana joto lililomo huendelea kuivisha kwa muda mrefu. Ukikatika kabla, hamishia chakula kwenye gesi na usisubiri.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa mtihani mzuri, kwa kuwa futari ya mama mkwe haikubali njia za mkato: magimbi, mihogo, kunde, uji. Magimbi na kunde vilikwenda kwenye presha, na mihogo ya nazi ikabaki kwenye moto mdogo, kwa kuwa tui hukatika likipata presha. Kwa kawaida Ramadhani huwa ndio mwezi wetu wa gunia na nusu; mwaka huu halikwisha hata moja.

Tahadhari kwa atakayefuata: wateja wa umeme wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi hununua uniti kwa bei nafuu zaidi. Nyumba yetu ina friji na tayari tuko juu ya kiwango hicho, lakini mpangaji mwenye vyumba viwili, taa na redio, afanye hesabu kabla ya kuongeza birika na jiko, kwa kuwa kuvuka mstari huo kunaweza kumhamishia kwenye bei ya juu.

26 Aprili 2025: Jiko banifu na vumbi la mkaa

Wali wa nazi lazima upaliwe. Tulijaribu kuupika kwa umeme na kwa gesi, na mama mkwe, ambaye ni mpole katika mambo mengi, alisema huo ni wali wa hotelini. Makaa juu ya mfuniko hukausha wali kutoka juu kwa namna ambayo hakuna kifaa tulicho nacho kinaweza kuiga. Tumekubaliana kwamba mkaa utabaki kwa wali, samaki wa kuchoma na siku za wageni, na suala likawa jiko lenyewe.

Jiko la bati tupu hupeleka kwenye sufuria sehemu ndogo ya joto, mara nyingi chini ya asilimia 20, ilhali jiko banifu lenye kikombe cha udongo, likiwa limetengenezwa vizuri, hufikia asilimia 30 au hata kuzidi. La kwanza, shilingi 22,000, lilipasuka kikombe ndani ya wiki mbili. Sababu ni mazoea ya jiko la zamani: ukishamaliza kupika unamwagia makaa maji. Udongo wenye moto haustahimili hilo. Fundi alibadilisha kikombe kwa shilingi 8,000, na sasa makaa yanatolewa kwa koleo na kufunikwa ndani ya kopo la bati lenye mfuniko, ambamo hukosa hewa na kuzimika. Makaa hayo huwashwa tena kesho yake yakiwa makavu, na hapo ndipo tuliposhusha matumizi kwa namna inayoonekana, pengine kuliko kwa jiko lenyewe. Kikombe kipya pia kiwashwe kwa moto mdogo mara chache za mwanzo kabla ya kukabidhiwa sufuria kubwa.

Vumbi la mkaa, ambalo hubaki chini ya kila gunia, lilikusudiwa kuwa mkaa mbadala wa kufinyanga. Mchanganyiko wa kwanza ulikuwa na udongo mwingi mno, na matonge yaliwaka kwa shida na kuacha majivu tele. Uji wa unga wa muhogo badala ya udongo ulifanya kazi vizuri zaidi. Lakini masika ilikuwa imeingia, matonge yakaota ukungu kabla ya kukauka, na safu ya kazi iliyoongezeka ikawa na jina lilelile kila siku. Tumeacha. Penye vijana wengi na jua la kutosha njia hii inaweza kufaa.

7 Juni 2025: Pipa la mboji

Kwa mizani ileile tulikuta kwamba theluthi mbili ya uzito wa taka zetu ni za jikoni: maganda ya ndizi na muhogo, machicha ya nazi, mabua ya mchicha. Zikichukuliwa na gari huenda dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako hufukiwa chini ya taka nyingine, na kwa kukosa hewa huoza na kutoa methani, gesi ambayo kwa uzito uleule huongeza joto la dunia zaidi ya mara 25 kuliko hewa ya ukaa katika kipindi cha miaka 100. Zikichomwa uani pamoja na plastiki, kama inavyofanyika mitaa mingi gari linapochelewa, moshi wake wenye sumu unaingia moja kwa moja kwenye madirisha ya jirani.

Pipa la plastiki la lita 200 lilinunuliwa kwa shilingi 40,000 na kuwekwa nyuma ya jiko. Jaribio la kwanza lilioza badala ya kuiva. Pipa lilikuwa zima, lenye mfuniko na bila tundu, na lilijazwa mabichi matupu. Mvua za Aprili zilipenya pembeni mwa mfuniko, machicha ya nazi yakachacha kwa mafuta yake, na harufu ikamfikisha jirani mlangoni kwetu. Alikuja kwa adabu na hodi zote, lakini alikuja.

Marekebisho yalikuwa haya. Pipa lilitobolewa matundu pande zote na chini, likainuliwa juu ya matofali, na kila ndoo ya maganda sasa inafunikwa kwa ndoo mbili za kitu kikavu. Vijidudu vinavyoozesha huhitaji kaboni kama mara 25 hadi 30 ya naitrojeni, na maganda mabichi peke yake yana naitrojeni nyingi mno na maji mengi mno. Majani makavu hayapatikani masika, kwa hiyo tulikwenda kwa fundi seremala, ambaye hutoa maranda bure kwa sababu vinginevyo angelipia yachukuliwe. Tunakataa maranda ya mbao zilizotiwa dawa. Machicha yanaingia kidogo kidogo yakiwa yamechanganywa vizuri, na mifupa na matumbo ya samaki hayaingii kabisa kwa sababu ya panya. Ndani ya siku chache katikati ya lundo palipata joto la kuchoma mkono, ishara kwamba hewa inapita, na harufu ikageuka ya udongo.

Kazi iliyoongezeka ni ndoo ya pili jikoni na kupindua lundo kila Jumamosi. Kupindua ni kwa watoto, ambao hufanya hivyo kwa kelele.

19 Julai 2025: Kufua

Maji yetu hutoka mto Ruvu, husafishwa na kusukumwa kwa pampu mpaka kwenye matangi ya Kimara, hivyo kila ndoo ina umeme ndani yake kabla haijafika kwetu. Mwaka 2022, Ruvu iliposhuka, jiji zima liliingia kwenye mgao, na atakayepanga maji ya nyumba Dar es Salaam afadhali apange akikumbuka mwaka ule.

Nguo za wiki zilikuwa zinakula lita 240, nyingi zikienda kwenye kusuuza. Chanzo kilikuwa sabuni. Povu jingi humpa mfuaji imani kwamba nguo inatakata, kisha povu hilohilo linahitaji maji matatu kuliondoa. Tulipunguza sabuni ya unga kwa nusu, tukaloweka usiku kucha, na kola na mapaja ya suruali za watoto yakapakwa sabuni ya mche moja kwa moja. Kusuuza mara mbili kukatosha. Maji ya mwisho ya nguo nyeupe sasa ndiyo ya kufulia nguo za rangi, na jumla imeshuka hadi lita 150.

Maji machafu yalikuwa yakienda mtaroni kuelekea bonde la Msimbazi. Tulipoyaelekeza kwenye tuta la mchicha, kingo za majani ziliungua na udongo ukatengeneza gamba juu, maji yakawa yanateleza bila kuingia. Sabuni ya unga ina chumvi nyingi za sodiamu, na sodiamu huvunja mshikamano wa udongo. Tuta lilihitaji mboji, maji safi na mvua kadhaa kurudi katika hali yake. Sasa maji ya kufulia yenyewe yanamwagwa chooni badala ya kuvuta tangi la choo, na maji ya kusuuzia pekee ndiyo yanayokwenda kwenye migomba, kwa zamu, shina moja leo na jingine wiki ijayo. Yasihifadhiwe hadi kesho yake. Yakilala yananuka kuliko pipa la mboji lilivyowahi kunuka.

30 Agosti 2025: Mambo madogo

Sponji ya plastiki ya kuoshea vyombo imeondolewa. Inachakaa kwa kumeguka vipande vidogo vinavyokwenda na maji, na badala yake tunatumia dodoki, lililopandwa kwenye uzio kwa mbegu za kuomba kwa jirani, yuleyule wa hodi. Masizi ya sufuria za mkaa yamepungua kwa kuwa mkaa wenyewe umepungua, na hiyo ni kazi iliyoondoka bila mtu kuipanga. Dada ndiye aliyeiona kwanza.

Mafuta ya kukaangia hayamwagwi tena kwenye sinki. Yanachujwa na kurudiwa, kisha yakichoka yanafyonzwa na maranda na kuingizwa kwenye mboji kwa kiasi kidogo sana. Kupiga pasi kwa mkupuo mmoja badala ya shati moja kila asubuhi kumeokoa umeme kidogo, wa kutosha kutajwa na si zaidi.

11 Oktoba 2025: Gharama hadi leo

Mkaa umeshuka kutoka kilo 62 kwa mwezi hadi kilo 22, sawa na shilingi 30,000 badala ya 85,000. Umeme umeongezeka kwa uniti 35, karibu shilingi 12,500, nyingi zikiwa za birika. Gesi imeongezeka kwa shilingi 12,000 hivi, kwa sababu ya kuunga na kupika mboga. Akiba ya mwezi ni kama shilingi 30,000. Jiko la presha, soketi, birika, jiko banifu na kikombe chake vimegharimu shilingi 270,000, hivyo vinajilipa kwa miezi tisa; mizani na pipa, shilingi 58,000, sivihesabu humo kwa kuwa havina akiba ya fedha ya moja kwa moja, ingawa mbolea ya bustani hatujanunua tangu Agosti. Kwa upande wa miti, kilo 40 za mkaa zisizonunuliwa ni kilo 240 mpaka 400 za kuni kila mwezi.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa uzoefu wa nyumba hii, kikwazo cha kwanza ni zile shilingi 270,000 za mwanzo, kwa maana familia inayonunua mkaa kwa kopo haina mwezi ambao fedha hiyo hukutana mahali pamoja, na kwa kila kilo kopo ndilo lenye bei ya juu kuliko gunia. Majirani wawili wameanza kuchangiana kwa mchezo ili kila mmoja apate jiko la presha kwa zamu. Soketi zao zitakaguliwa kwanza.

Kazi zinazofuata ni mbili. Pipa la pili la mboji litatobolewa kabla vuli haijashika, ili la kwanza liachwe liive bila kuongezwa mabichi. Na paa la banda litawekewa mfereji wa bati kuelekea tangi la lita 1,000, kwa ajili ya kufulia. Bei ya mfereji nimeshaipata, ya tangi bado naipatanisha.